Turbo Isiyovuta na Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Nyinyi wa gereji mmekuwa mkifungua boneti la gari langu, mkiona bomba la hewa limezungushiwa mpira wa baiskeli mnacheka, kisha mnaniuliza kulikoni. Nimewajibu nusu nusu kwa sababu nilirudi nimechoka, na mpaka leo sijapumzika sawasawa. Basi nimekaa nimeandika. Msome kwa zamu, mniache nifanye kazi.

Mnajua mke wangu Editha alijifungua, na mama yake, Ma Joselina, akaja Mwanza kumwangalia. Akiwa hapa kwetu ikaja simu kutoka kwao Bugomora, kule Kyerwa: kaka yake, Ta Kamugisha, amezidiwa na anamtaka. Huyo ndiye kaka yake wa pekee. Wazazi wao walikufa mapema, na ni yeye aliyemlea mpaka siku alipomkabidhi kwa mumewe. Ma Joselina hakulia. Alifunga kanga zake kwenye mfuko, akatoka, akakaa kizingitini akingoja usafiri.

Editha na kichanga hawawezi safari ile. Basi lingemchosha mno mtu wa umri wake. Nikabaki mimi na gari langu, hili ambalo nimelichezea injini kwa mikono yangu, likapewa intakula kubwa, kile kipoza hewa ya turbo, na turbo ikaongezwa upepo mpaka mnaogopa kulijaribu. Nikajitapa mbele ya wote kwamba nitamfikisha mama kwa kaka yake upesi kuliko basi lolote. Maneno hayo yalinisuta njia nzima.

Jambo moja lazima niwaeleze kwanza, maana wengine wenu mmeoa kienyeji tu, mama mkwe mnamwita "bi mkubwa" na kumwomba chaja. Ma Joselina ni Mnyambo wa zamani. Kwake, mkwe wa kiume haangaliwi usoni, hashikwi mkono, haliwi naye sahani moja, na maneno kati yao ni yale ya lazima. Nasi Wasukuma tuna adabu yetu kwa mama mkwe, kwa hiyo tulipatana vizuri kabisa: hatukuongea. Alikaa kiti cha nyuma, kushoto, mbali nami kadiri gari linavyoruhusu. Akitaka kitu, anampigia simu Editha Mwanza, Editha ananipigia mimi. "Baba Ansila, mama anaomba usimame penye choo." Nasimama. Baadaye simu inaita tena. "Mama anashukuru." Kwa kuwa ukimya wa namna ile unachosha kuliko usukani, niliweka nyimbo za kwaya, sauti juu, tangu tunatoka nyumbani.

Bukoba hadi Kyaka

Kutoka Mwanza mpaka Bukoba sina cha kusimulia. Gari lilikwenda, tukalala kwa ndugu zake, tukala ndizi na dagaa, yeye jikoni na wanawake, mimi sebuleni na babu mmoja kiziwi aliyeniuliza mara nyingi kama mimi ndiye daktari.

Asubuhi tulipotoka, kwenye kilima cha kwanza tu niliona sindano ya geji ya turbo inapanda, inafika katikati, inakaa. Mnajua nimeizoesha kuruka. Nikakanyaga zaidi. Gari likaguna, nyuma ukatoka moshi mweusi, mwendo ukawa ule ule. Nikaongeza sauti ya kwaya ili mama asisikie injini inavyohangaika. Naomba mlikumbuke hilo.

Kwa yule mwenzetu wa hesabu asiyejua magari: turbo ni pangaboi linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili liisukumie injini hewa nyingi. Hewa hiyo ikipotea njiani, petroli inakuja lakini hewa haitoshi kuichoma, ndiyo huo moshi mweusi. Gari linakuwa zito kama limefungwa breki.

Kyaka, kabla ya daraja, niliegesha penye vibanda vya chai. Nikachomeka kifaa cha kupimia. Kikaniambia presha ya turbo iko chini ya ile inayotakiwa. Asante, hilo nilikuwa nalijua tangu kilimani, nilitaka sababu. Nikaishuku kazi yangu mwenyewe, nikafungua kompyuta nikarudisha mipangilio ya kiwandani. Hakuna kilichobadilika. Nikatoa chujio la hewa nikalikung'uta, lilikuwa safi. Nikavuta kila kimrija nilichoweza kukifikia bila kuungua. Vyote vimekaa.

Ma Joselina alikunywa chai ndani ya gari, amegeukia mtoni. Simu ikaita. "Mama anauliza kama gari limechoka."

"Mwambie linapumzika kidogo."

Nikasikia Editha akimwambia mama kwa simu yake nyingine, na nyuma yangu simu ya mama ikarudia vile vile. Tulikuwa hatua chache tu, mmoja kutoka kwa mwenzake.

Kupanda kwenda Kayanga

Ile lami ya kutoka Kyaka ni nzuri, lakini inapanda, na gari lisilo na upepo linakijua kila kilima kwa jina. Lori lililojaa mikungu ya ndizi lilitupita. Baadaye likatupita lingine, na juu ya mikungu walikaa watu wawili wakatupungia mkono. Nimejenga gari la kuyapita magari yote Mwanza, na hapo napungiwa mkono na watu walioketi juu ya ndizi.

Kichwani napanga: kama si mipangilio, basi ama ule mlango mdogo wa turbo wa kupunguza presha umekwama wazi, ama hewa inavuja mahali kati ya turbo na injini. Mlango niliushika Kyaka kwa koleo, ukafunga na kufungua vizuri. Imebaki kuvuja. Lakini kuvuja wapi, na mabomba yale yanapita chini ya betri, nyuma ya taa, mbele ya rejeta, mengine hayaonekani mpaka ushushe bampa. Na uvujaji wa aina hii hautokei gari likisimama. Unatokea likibeba mzigo mlimani, wakati wewe mwenyewe umeshika usukani.

Editha akapiga simu. Safari hii hakuwa anatumwa na mama. Alisema usiku mjomba alikataa uji, na walipomuuliza anataka nini akasema, "Joselina yuko wapi?"

Nilikanyaga mafuta mpaka chini, na sindano ikakaa pale pale katikati.

Kayanga

Kayanga nilitafuta fundi matairi mwenye mashine ya kujaza upepo. Nia ilikuwa kuziba mdomo wa bomba la kuingizia hewa, nijaze upepo kwa mashine, kisha nisikilize unapotokea. Nilimpata mmoja, mcheshi, jina lake Audax, akanikatia chupa ya plastiki na mpira, tukaziba. Akanishauri tangu mwanzo kwamba turbo imekufa na anajua mtu mwenye turbo ya lori.

"Ya lori haitakaa hapa," nikamwambia.

"Tutaikaza."

Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa serikali akasogea, akanusa tangi, akasema ni petroli mbovu. Mwingine akasema ni kwa sababu gari la Mwanza halijazoea baridi ya Karagwe. Audax akawasha mashine. Ikanguruma, maduka pande zote mbili yakiwa yamefungulia miziki yao, nikainamisha sikio kwenye injini na nilichosikia ni mashine na miziki. Nikaomba maji ya sabuni. Sabuni ilipofika, umeme ukakatika.

Tukangoja. Audax alisema ukikatika saa hizi hurudi upesi. Nilimletea mama ndizi na maharage, nikaziweka juu ya kiti cha nyuma bila kumtazama, nikaenda kula zangu chini ya kivuli cha duka. Nilimaliza kula, umeme haujarudi. Kichwani nasikia lile swali tu, Joselina yuko wapi. Yuko Kayanga, mzee, kwa fundi matairi. Nilijionea aibu vibaya sana.

Simu. "Mama anasema pitieni kwa Leticia, Igurwa. Mume wake ana mashine."

Leticia ni binti wa dada yake, ameolewa kwenye familia ya wafugaji. Nikafurahi kwa mara ya kwanza siku ile. Nikampa Audax shukrani zake, naye akaniahidi kwamba ile turbo ya lori ataniwekea.

Kuchepukia Igurwa

Tuliacha barabara kuu tukaingia vumbini, migomba ikaanza kupungua, yakaja majani marefu na ng'ombe wenye pembe pana wasiojua kupisha gari. Kwa mwendo niliokuwa nao, hata sikuwalaumu.

Mashine ilikuwa jenereta. Si ya upepo. Na yenyewe haikuwepo, ilikuwa imeazimwa kwa ajili ya harusi ya jirani. Leticia alinipokea kwa shikamoo na kunikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akamkumbatia mama yake mdogo muda mrefu, akamkalisha kwenye mkeka ndani, akamletea maziwa. Mimi nikapewa kigoda nje, upande wa pili wa ukuta, kama inavyotakiwa. Nikatafuna zile kahawa nikiwasikia wanaongea Kinyambo, kidogo nakielewa: mtoto mchanga anafanana na nani, mvua za Mwanza, ng'ombe gani amezaa, yupi anasumbua. Mume wa Leticia akanipa pole, akasema anakwenda kuangalia mifugo, akaondoka haraka.

Hapo ndipo nikanusa moshi. Kwenye kibanda cha maziwa mlikuwa na kijungu cha udongo chenye nyasi zinazofuka polepole, na juu yake kimefunikizwa kibuyu cha maziwa kinywa chini. Ndivyo wanavyosafisha vibuyu vyao, moshi unaingia kila kona, maziwa yanapata ile harufu yake. Kibuyu kimoja kilikuwa na ufa, na moshi ulikuwa unatoka kwenye ufa huo, mwembamba, ulionyooka. Nilisimama nikautazama. Mashine za kutafuta uvujaji wa mabomba huko mijini zinafanya hivyo hivyo, zinapuliza moshi.

Nikamwomba Leticia kile kijungu. Uso ukambadilika.

"Shemeji, cha maziwa hiki. Kikishika petroli, maziwa yatanuka mpaka lini? Mama mkwe wangu atanifukuza."

Nilikuwa nimeshaanza kuomba radhi, na kweli nilikuwa nimekosea, hata kukishika bila ruhusa ni kosa. Ma Joselina akaongea kutoka ndani, kwa Kinyambo, maneno machache. Leticia akaangalia chini. Akaniambia, "Mama anasema nikupe. Anasema nitafinyangiwa kingine." Akasita. "Na anauliza, ule mluzi ndio unaoutafuta?"

"Mluzi gani?"

Akaingia ndani, akatoka. "Anasema gari lako linapiga mluzi kila likipanda. Tangu jana, lakini leo umezidi. Upande wake, huko mbele ya kiti kilicho mbele yake."

"Mbona hakusema?"

Akaingia tena. Aliporudi alikuwa anajizuia kucheka. "Anasema Editha alimweleza gari lako umelitengeneza kwa namna ya pekee. Alidhani mluzi ndio wenyewe. Na mama mkwe atakosoaje gari la mkwe wake?"

Nilikaa kwenye kigoda. Kazi yangu mimi ni masikio. Nyinyi mnajua naweza kusikia beringi inayotaka kufa tangu geti la gereji. Tangu Mwanza niliyaziba masikio yangu kwa kwaya ili nisikae kimya na mama mkwe, naye alikuwa na jibu nyuma ya bega langu na adabu ikamzuia kulitoa. Sote wawili tuliheshimiana mpaka gari likatushinda.

Upande wa kushoto, basi. Nilishusha taa, nikaziba bomba kwa ile chupa ya Audax, nikatia nyasi mbichi kijunguni, nikaupuliza moshi kwa kipande cha mpira kuingia mabombani, napuliza kwa mdomo, macho yananitoka machozi. Leticia alishika kijungu amegeuza uso. Ma Joselina alitoka ndani akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza sikukwepa kumwona, maana mikono yangu ilikuwa imejaa. Alikuwa anatazama kazi, ametulia.

Moshi ukatoka. Chini ya bomba la mpira linalotoka intakula, mahali ambapo lilikuwa limesuguana na kibati cha betri. Kibati hicho nilikisogeza mimi mwenyewe nilipofunga intakula kubwa. Kilikuwa kimekata mpira kidogo kidogo, na bomba likijaa presha mlimani, mkato unafunguka kama mdomo.

Nilikipinda kibati, nikapata mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungusha kwa kuvuta sana, nikakaza kwa waya. Nikamshukuru Leticia. Alinijibu kwa sauti ndogo, akamkumbatia mama tena, muda mrefu kuliko alivyompokea. Nikawaza tu kwamba watu wa huku wanapendana.

Rubwera

Redio niliizima. Nilisikiliza. Mluzi hakuna. Kupitia Omurushaka na Nkwenda gari lilipanda kama ambalo halijawahi kuugua, vumbi nyuma, migomba imerudi pande zote mbili. Niliona tutafika jua lingali juu. Nilikuwa nimechoka mgongo na shingo, lakini moyo ulikuwa umeanza kunyanyuka.

Rubwera nilisimama kununua maji, kwenye maduka yaliyo karibu na ofisi za wilaya. Simu ikaita nikiwa dukani.

"Baba Ansila, uko peke yako?"

"Mama yuko garini."

"Mjomba ametutoka." Nikamsikia mtoto analia kwa mbali. "Tangu asubuhi, nami nimeambiwa sasa hivi. Mama hajui. Wazee wamesema asiambiwe njiani. Na wewe ni mkwe, si kazi yako kumwambia. Mfikishe tu."

Nililipia maji, nikasahau kuyachukua, muuza duka akanifuata nayo mlangoni. Nikapiga hesabu kichwani: alipokata roho, sisi tulikuwa Kyaka, narudisha mipangilio ya kiwandani. Hata gari lingekuwa zima tusingemkuta. Nilitegemea hesabu hiyo inipoze. Haikunipoza.

Kwenda Bugomora

Niliona nikienda polepole atashtuka. Mtu anayemwahi mgonjwa haendi polepole. Nikakanyaga. Sindano ikaruka mpaka mwisho wake, ule uzuri niliokuwa nautafuta tangu asubuhi, na sikuufurahia hata chembe. Tuliruka mashimo. Nilimpita mwenye bodaboda aliyebeba godoro, akayumba.

"Mkwe."

Nilidhani anaongea na simu. Nikatazama kioo. Simu ilikuwa kwenye mfuko wake, mikono ameilaza mapajani, na ananiangalia.

"Naam, mama."

"Punguza. Hatuwahi kitu."

Nikapunguza. Nikasema tu, "Nani amekwambia, mama?"

"Hakuna. Leticia amenitajia mtoto, mvua, ng'ombe wote mmoja mmoja. Mgonjwa hakumtaja. Unakwenda kumwona mgonjwa, mtu asikuulizie mgonjwa?" Akatazama nje. "Na mume wake akakimbilia mifugo."

"Kwa hiyo wakati ule wa moshi ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ungeniambia, mama. Nimemharibia Leticia kijungu chake bure. Tungepumzika."

Tulipita shule, tukapita watu wanaanika kahawa kwenye turubai.

"Ulikuwa unahangaika kwa ajili yake," akasema. "Unapuliza ule moshi, macho mekundu, unataka nimkute. Kwako bado alikuwa mzima. Nikaona abaki mzima kwa mtu mmoja, kidogo."

Nililia, nawaambia waziwazi, nikiwa nimeshika usukani mbele ya mama mkwe wangu, na aibu sikuiona.

"Tukifika nitaanza kulia," akasema, "na nikianza sitaweza kunyamaza mpaka tumzike. Nipe hii njia kwanza."

Nikaweka gia ya pili. Yule wa godoro akatupita, na baada yake pikipiki nyingine, na baiskeli mbili zenye ndizi. Tulipofika, uani kwa Ta Kamugisha watu walikuwa wamejaa na wote wakageuka kutuangalia. Nikasimama, nikazima injini, na hakuna kati yetu aliyefungua mlango.